Nilienda Kununua Mezuza: Tathmini ya Duka la Akina Mama wa Sinagogi

Duka ninalolitathmini halina bango barabarani. Limo ndani ya sinagogi moja la Wayahudi wa madhehebu ya Mageuzi, wale waliolegeza baadhi ya sheria za jadi, pembezoni mwa jiji la Cincinnati katika jimbo la Ohio, kwenye chumba kisichozidi ukubwa wa sebule ya kawaida, na linaendeshwa na chama cha wanawake wa sinagogi hilo ambacho wenyewe hukiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya udada. Nami nitakiita Udada, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kuwaeleza Waswahili wenzangu wa hapa mjini. Jina la sinagogi nalihifadhi, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema si sifa, na wanawake wanaouza pale hawalipwi hata senti moja.

Kilichonipeleka ni nyumba ya mtu. Mwenzangu wa kazini, muuguzi ambaye tumekesha pamoja zamu za usiku kwa miaka minne katika makao ya kutunzia wazee, alinunua nyumba mwaka jana, na nilipouliza kwao mwenye nyumba mpya hupelekewa nini, nikajibiwa kwamba hupelekewa mezuza. Ni kijisanduku chembamba, urefu wake kama kidole, kinachopigiliwa kwenye mwimo wa mlango, na ndani yake mna kipande cha ngozi kilichoandikwa aya za Torati kwa mkono. Kwa mtu aliyekulia Unguja, akapita maisha yake yote chini ya milango ya Mji Mkongwe yenye aya za Kurani zilizochongwa kwenye vizingiti vya juu, jambo hili halikuhitaji maelezo marefu.

Mara ya kwanza nilifika Jumamosi saa tano asubuhi, moja kwa moja kutoka kazini, nikaambiwa na mlinzi kwa upole kwamba siku ya Sabato hakuuzwi kitu humo. Kosa hilo lilikuwa langu. Mara ya pili nilifika Jumapili saa saba kasorobo mchana, nikakuta duka limefungwa robo saa kabla, na kwa hilo nalilaumu duka lenyewe, kwa sababu saa zake hazikuandikwa mahali popote ambapo mgeni angeweza kuziona kabla ya kufunga safari. Hufunguliwa Jumapili kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa sita na nusu mchana, muda ambao watoto wako kwenye masomo ya Kiebrania na wazazi wao wanasubiri, na Jumatano jioni kwa muda wa saa moja na nusu. Shule ya watoto ikifungwa mwezi wa Juni, duka nalo hulala hadi unapokaribia mwaka mpya wa Kiyahudi, ambao mara nyingi huangukia Septemba. Anayefanya kazi za zamu kama mimi atalazimika kupanga ziara ya duka hili kama anavyopanga miadi ya daktari.

Kuna pia suala la mlango. Tangu tarehe 27 Oktoba 2018, siku ambayo waumini 11 waliuawa kwa risasi ndani ya sinagogi mjini Pittsburgh asubuhi ya Sabato, masinagogi mengi ya Marekani yameweka walinzi, kamera na milango inayofunguliwa kutoka ndani. Mwanamke aliyejifunga mtandio, mwenye lafudhi isiyo ya hapa na mkoba mkubwa wa kazini begani, anajua anavyotazamwa mbele ya mlango wa namna hiyo, na sitadanganya kwamba moyo haukunidunda. Mara ya tatu, duka likiwa wazi, mlinzi alikagua mkoba, akauliza nimefuata nini, akapiga simu ndani. Na kabla sijaamua kugeuka, akatoka mama mmoja mwenye umri wa miaka themanini na ushei, mfupi, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba, akanishika mkono na kuniingiza huku akimkemea mlinzi kwa kunisimamisha kwenye baridi. Mlinzi akasema anafanya kazi yake. Mama akasema naye anafanya yake.

Ndani mna makabati mawili ya vioo, rafu tatu, meza ndefu ya vitabu vya watoto, na mashine ya kadi inayofanya kazi siku inapotaka, kwa hiyo ni vyema kubeba fedha taslimu. Vitu vimepangwa kwa kufuata mwendo wa juma na wa mwaka, hata mgeni hujifunza kwa kutazama tu: vinara vya mishumaa ya Ijumaa jioni, vikombe vya fedha vya kubarikia divai, vitambaa vilivyotariziwa vya kufunikia mkate wa Sabato, kisha vijikopo vyenye matundu ambamo hutiwa viungo vya kunuswa pale Sabato inapotoka Jumamosi usiku. Kimoja kilikuwa wazi kama sampuli. Nilikiinua nikanusa, nikakuta karafuu, na kwa muda mfupi miguu yangu ilikuwa Ohio na pua yangu iko Pemba. Yule mama alinitazama bila kuniharakisha.

Nilichagua mezuza ya udongo wa kung'arishwa, rangi ya samawati, kwa dola 28, nikaiweka kaunta nikiwa tayari kulipa. Mama akaigeuza, akafungua mfuniko wa nyuma, akanionyesha kwamba ndani hamna kitu. "Hili ni ganda tu, mwanangu," akasema. "Mezuza yenyewe bado hujainunua." Akavuta droo ya chini na kutoa vipande vya ngozi vilivyoviringwa, kila kimoja kimeandikwa na mwandishi wa maandiko kwa unyoya na wino mweusi: mistari 22, herufi 713, zikitoka katika sura ya 6 na ya 11 ya Kumbukumbu la Torati, na herufi moja ikikosewa au ikipasuka, kazi yote huwa batili. Bei yake ilikuwa dola 45, yaani kilichofichwa ndani kinalizidi ganda linaloonekana. Alinitahadharisha kwamba wauzaji wengi wa mtandaoni huuza ganda pamoja na karatasi iliyopigwa chapa, ambayo kisheria haihesabiki kuwa mezuza, na kwamba mwenye kujua akiifungua zawadi hiyo hunyamaza kwa adabu, halafu siku ya pili huenda kununua nyingine.

Alikuwa na ngozi za aina ya pili, za dola 60, zilizoandikwa na mwanamke, na hapo nilipata somo la robo saa ambalo sikulilipia. Kwa mujibu wa sheria ya jadi kazi ya uandishi huu ni ya wanaume, na Wayahudi wa Kiorthodoksi hadi leo hawaikubali mezuza iliyoandikwa na mwanamke. Lakini mwaka 2007 Jen Taylor Friedman alikamilisha kuandika gombo zima la Torati, akiwa mwanamke wa kwanza anayejulikana kufanya hivyo, na wengine wameifuata njia hiyo. Kwa hiyo mama hakuniuliza nina bajeti ya kiasi gani, kama wauzaji wanavyouliza. Aliuliza mwenzangu ni Myahudi wa namna gani. Sikuwa na hakika. Nikachukua ile ya dola 45, naye akasema nimetumia busara, kwa kuwa zawadi ya nyumba haipaswi kumtia mwenye nyumba kwenye mjadala siku ya kwanza. Akaifunga pamoja na kikaratasi cha dua ya kuipigilia, iliyoandikwa Kiebrania na tena kwa herufi za Kilatini, na maelekezo: upande wa kulia wa anayeingia, kwenye theluthi ya juu ya mwimo, imeinamishwa kidogo kuelekea ndani. Katika duka lolote jingine ningeondoka na ganda tupu, na mwenzangu angenishukuru kwa adabu.

Kabla ya kutoka niliona kikapu cha kofia zilizofumwa kwa sindano, za mviringo, rangi kali za manjano, kijani na zambarau, na ufumaji wake nikautambua kabla sijaisoma lebo. Zilitoka Uganda. Zimefumwa na Waabayudaya, jumuiya ya Wayahudi waishio vilimani karibu na Mbale, ambao historia yao inaanzia mwaka 1919, pale Semei Kakungulu, mkuu wa vita na mtawala wa eneo hilo, alipoyasoma Maandiko mwenyewe, akaamua kufuata sheria ya Musa na kuwatahiri wanawe. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Waliobaki wakasali kwa siri. Na mwaka 2008 Gershom Sizomu alitawazwa kuwa rabi baada ya kusoma Los Angeles, akarudi kwao kuwaongoza. Kofia moja ni dola 25. Nilimuuliza mama mfumaji hupata kiasi gani katika hizo 25, naye hakuwa na jibu, akaandika swali langu kwenye daftari. Niliporudi majuma matatu baadaye alikuwa na nusu ya jibu: kofia hununuliwa kupitia shirika la Kimarekani linalosaidia jumuiya za Kiyahudi zilizo mbali, na faida ya Udada juu ya kila kofia ni ndogo kuliko ya bidhaa nyingine dukani. Fungu la mfumaji mwenyewe halikujulikana. Nasema wazi kwamba chama kinachojivunia kazi za haki kingepaswa kuliandika fungu hilo kwenye lebo, tena kwa tarakimu. Na nasema pia kwamba sijapata duka lingine ambamo swali la namna hiyo liliandikwa kwenye daftari na kurudishiwa jibu, hata likiwa nusu.

Siku hiyo niliyorudi ndipo nilipouliza kwa nini duka ni la Udada na si la sinagogi. Mama alicheka, akavuta kiti.

Wanawake walioanzisha vyama hivi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 waliishi katika masinagogi ambayo kwa kawaida uanachama uliandikwa kwa jina la mume, na halmashauri ilikuwa ya wanaume. Mwaka 1893, Chicago ilipoandaa maonyesho yake makubwa ya dunia pamoja na bunge la dini zote, Hannah Solomon na wenzake waligundua kwamba katika ratiba ya wanaume wa Kiyahudi wao wametengewa kazi ya kukaribisha wageni tu. Wakajitoa, wakaandaa kongamano lao wenyewe la siku nne, na humo likazaliwa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kiyahudi, ambalo baadaye liliweka watu katika kisiwa cha Ellis, bandarini New York, kuwapokea wasichana wahamiaji waliofika Marekani bila ndugu wala mwenyeji. Miaka 20 baada ya kongamano hilo, Januari 1913, wajumbe 156 kutoka vyama 52 vya Udada walikutana hapahapa Cincinnati na kuunda shirikisho lao la taifa, Carrie Simon akiwa rais wa kwanza. Shirikisho hilo tangu 1993 linajulikana kwa jina la Wanawake wa Uyahudi wa Mageuzi.

Jambo ambalo mama alitaka nilielewe ni la fedha. Sadaka na ada za sinagogi zilipita mikononi mwa halmashauri, lakini fedha za minada, za karamu, za vitabu vya mapishi, na za kadi za pongezi zilizotengenezwa mfano wa telegramu za zamani, zilikuwa za wanawake kuzipangia matumizi. Kadi hizo bado zinauzwa dukani, na nimeshanunua tatu. Kupitia fedha ndogondogo za namna hiyo walilipia vitabu vya shule ya watoto, majiko, mazulia, na masomo ya vijana waliotaka kuwa marabi. Duka la zawadi lilikuja baadaye kama tawi jingine la mti uleule: ukitaka jambo lifanyike na halmashauri haitaki kulisikia, unauza vinara.

Katika miaka ya 1920 shirikisho hilo lilichanga fedha za kujenga bweni la Chuo cha Hebrew Union, chuo cha kufundishia marabi kilichoanzishwa mjini hapa mwaka 1875. Nililiona jengo hilo kwa nje, nikiwa nimepotea nikitafuta hospitali, bila kujua ni la nani. Wakati akina mama wanachanga, Martha Neumark, binti wa profesa wa chuo hicho, alikuwa anasoma humo na ameomba aruhusiwe kuifuata njia ya urabi. Mwaka 1922 mkutano wa marabi ulijadili na kuona kwamba mwanamke hawezi kunyimwa kwa haki. Mwaka 1923 halmashauri ya chuo ikakataa. Ndivyo ilivyokuwa: wanawake walijenga nyumba ya wanafunzi, na mwanafunzi wa kike akaambiwa hapana. Shirikisho halikuliacha jambo hilo life. Mwaka 1963 mkutano wake mkuu ulipitisha azimio la kutaka hatua zichukuliwe kuhusu kuwatawaza wanawake, na tarehe 3 Juni 1972 Sally Priesand akatawazwa katika hekalu la Mtaa wa Plum, katikati ya jiji hili, akiwa rabi wa kwanza wa kike kutawazwa na chuo cha marabi Marekani.

Mama mwenyewe alijiunga na Udada akiwa ameolewa karibuni, akapewa kazi ya kuhesabu sarafu za duka kwa sababu alikuwa mdogo kuliko wote na hakuna aliyeitaka. Kutokana na sarafu alijifunza kusoma hesabu za mapato na matumizi, kutokana na hesabu akawa mweka hazina, na katika miaka ya 1980 akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza halmashauri ya sinagogi zima. Alinieleza kwamba siku ya kikao chake cha kwanza wanaume walimletea bajeti wakidhani haelewi, naye akawaonyesha kosa la kujumlisha ukurasa wa tatu. Hakusema kwa majivuno. Alisema kama mtu anayekumbuka hali ya hewa.

Bibi yangu alikuwa katika chama cha lelemama, ngoma ya wanawake, huko Ng'ambo mjini Unguja, na vyama vile navyo vilikuwa na viongozi wake, michango yake, sare zake na mashindano yake, na wanawake waliozikwa kwa heshima kwa sababu chama kiligharimia. Lakini nilipofunguliwa kabati lililo kando ya jiko la sinagogi, nikaona madaftari ya kumbukumbu za vikao yamepangwa mwaka kwa mwaka kuanzia miaka ya 1920, nani alisema nini, nani alipinga, senti ngapi zilipungua, niliona wivu wa kweli. Ya bibi yangu yamebaki katika nyimbo wanazozikumbuka wazee wawili watatu. Katika daftari moja la miaka ya 1950 mna kurasa nyingi za saa zilizotumika kunakili vitabu kwa nukta nundu kwa ajili ya wasioona, kwa kuwa shirikisho la Udada lilikuwa nyuma ya taasisi ya Kiyahudi ya nukta nundu tangu kuanzishwa kwake mwaka 1931. Na Jane Evans, aliyeiongoza ofisi ya shirikisho kuanzia 1933 hadi 1976, aliifanya kazi hiyo kuwa yake ya moyoni. Mikono hiyohiyo ilinakili na kuuza vinara.

Mwezi wa Machi nilirudi, safari hii si kwa duka, bali kwa karamu ya wanawake ya Pasaka ya Kiyahudi, ile ya kukumbuka kutoka Misri, ambayo Udada huiandaa majuma machache kabla ya Pasaka yenyewe na ambayo mtu yeyote anaweza kuinunulia tiketi. Bei ni dola 36. Ada ya mwaka ya uanachama ni dola 54, na kadi ya mchango ni dola 18, nami nilidhani ni mtindo wa kibiashara kama ule wa kuandika dola 19.99, mpaka nilipoelezwa kwamba herufi za Kiebrania huhesabiwa kama tarakimu, na herufi mbili zinazofanya neno lenye maana ya uhai hutoa jumla ya 18. Neno lenyewe hutamkwa kwa kh ya kooni, lakini ni hai, hai yetu hii tuliyoipata kwa Waarabu. Nikawaambia mezani kwamba sisi nasi tukiulizwa hali tunaweza kujibu kwamba tu hai, na meza nzima ikajaribu kulitamka.

Karamu za namna hii hazina umri mkubwa. Iliyokuwa maarufu ilianza New York mwaka 1976, pale kundi la wanawake wanaotetea haki za wanawake lilipoketi sakafuni na kuisimulia habari ya kutoka Misri kwa kuwataja wanawake waliosahauliwa katika simulizi. Siku hizi vyama vingi vya Udada huiandaa. Kando ya kikombe cha divai cha nabii Eliya huwekwa kikombe cha maji cha Miriamu, dada yake Musa, kwa kumbukumbu ya kisima ambacho kwa mapokeo yao kiliwafuata Waisraeli jangwani kwa ajili yake, na kila mwanamke humimina humo maji kidogo kutoka kwenye bilauri yake. Kisha yakagawiwa matari. Mtoto wa maulidi akipewa tari hawezi kulishika kama sahani, na nakiri nililipiga zaidi ya ilivyotarajiwa. Aliyeongoza ibada hiyo alikuwa mwalimu wa sekondari. Aliyesoma sehemu ya mateso ya Misri aliyasoma pamoja na orodha ya mambo ya mjini hapa, kodi za nyumba, wasichana wanaokosa shule kwa kukosa taulo za hedhi, wanawake wanaolala na watoto wao kwenye magari. Wakati wa kula, meza zilizungukwa na karatasi za kujiandikisha kwa kazi mahususi, kila moja ikiwa na tarehe na jina la msimamizi. Mimi si raia, kwa hiyo kuwaandikia wapiga kura kadi za kuwakumbusha hakukunifaa. Nikajiandikisha kufungasha taulo za hedhi, na Jumapili iliyofuata tulifungasha maboksi mpaka viuno vikauma.

Chakula sitakisifu kuliko kilivyostahili. Simulizi huja kwanza, na tulikaa saa moja na nusu tukila mboga za chumvi na vipande vya mkate usiochachwa kabla ya sahani kuletwa. Asiyezoea kufunga na ale nyumbani kwanza. Mchuzi wa kuku wenye madonge ya unga wa mkate huo ulifika vuguvugu. Kuku alikuwa mkavu. Mchanganyiko wa tufaha, lozi na mdalasini, ambao huashiria udongo wa matofali ya Misri, ulikuwa mtamu kiasi kwamba niliomba wa ziada bila aibu. Kwa Waislamu watakaouliza: vikombe vinne vya divai vinaweza kujazwa juisi ya zabibu, na mtungi wake uko kila meza, kuku ilikuwa ya mchinjo wa kosha, yaani wa kufuata sheria ya Kiyahudi, na mpishi alinionyesha boksi lake bila kuchukizwa na swali, tena kulikuwa na sahani ya mboga tupu kwa aliyetaka kuepuka yote.

Malalamiko yangu makubwa ni ya Desemba. Niliagiza kupitia dukani kinara chenye matawi tisa cha Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ya kuwasha taa, kwa ajili ya mgonjwa wangu mmoja, nikalipa kabla, na kilipofika matundu yake yalikuwa membamba kuliko mishumaa ya boksi lililouzwa pamoja nacho, ile mishumaa 44 inayotosha usiku wote nane. Nilirudi nikakuta kijana mmoja wa kujitolea ambaye hakuwa na idhini ya kurudisha fedha, kwa kuwa mhusika wa maagizo alikuwa Florida hadi Januari na hakuna mwingine aliyekuwa na nywila ya muuzaji wa jumla. Sikukuu ikapita. Mgonjwa wangu alitumia kinara cha betri cha makao. Fedha nilirudishiwa baadaye, pamoja na barua ya kuomba radhi iliyoandikwa kwa mkono na kusainiwa na wanakamati wote sita, barua ambayo bado ninayo. Lakini duka linalotegemea mtu mmoja kwa jambo lisilosubiri litaendelea kuwaangusha watu katika juma lilelile ambalo wanalihitaji zaidi.

Na jambo hilo linahusiana na umri. Wengi wanaoketi kaunta wamepita miaka 70. Wanawake wa miaka 30 na 40 wana kazi za mchana, wana watoto, na sasa wana nafasi katika halmashauri ambayo bibi zao walilazimika kuizunguka kwa kuuza vinara, kwa hiyo hawaoni upesi kwa nini wakae saa tatu kila Jumapili wakifunga zawadi. Baadhi ya vyama vya namna hii vimevunjwa, vingine vimebadilisha jina. Yule kijana wa Desemba, binti wa miaka 26, aliniambia kwamba yeye alikuja kwa sababu ya ufungashaji wa taulo na akabaki kwa sababu ya madaftari. Anayapiga picha ukurasa kwa ukurasa, na ameomba apewe nywila zote. Mpaka ninapoandika haya, amepewa mbili.

Kwa anayetaka kwenda: vinunuliwe mezuza, vitambaa vya mkate na vikopo vya viungo, kwa sababu maelezo yanayokuja navyo hayapatikani kwingine kwa bei hiyo, vitu vya Hanuka viagizwe kabla ya Novemba, na mshumaa ujaribiwe kwenye tundu palepale kaunta. Vito vya shingoni ni ghali bila sababu. Kati ya nyota tano nalipatia duka hili nyota nne, na karamu ya Machi naipa tatu na nusu, nusu hiyo ikiwa ya matari. Maegesho yako upande wa nyuma. Mlangoni pana kengele mbili: bonyeza ya kushoto, kwa maana ya kulia inalia shuleni, na mwalimu atakayefungua atadhani umekuja kumchukua mtoto.